Mwalimu Aliyeng'ata Mpira

Kabla hajauza kitu chochote alichokitengeneza, Mwalimu alikuwa anaking'ata kwanza. Iwe washa, ile pete ya kuzibia bomba la kupulizia dawa ya pamba, bushi ya pikipiki au soli ya kandambili, aliiweka kwenye meno ya nyuma, akafumba jicho moja, akauma taratibu, kisha akaitoa na kuitazama alama ya jino juani. Alama ikifutika upesi, kitu kilikwenda kwenye boksi la kuuzia. Ikisita, kilikwenda kwenye gunia la takataka, na hakuna aliyeruhusiwa kubisha. Wateja wa Bariadi waliizoea hukumu hiyo kiasi kwamba walikataa kulipa kabla hajauma. Mara moja nilimletea kifaa halisi cha kupimia ugumu wa mpira, chenye sindano na mshale, nilichoazima chuoni. Mama mmoja aliyekuwa anangoja washa zake alikitazama, akaniuliza, "Hicho nacho kina meno?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu alicheka kuliko wote.

Mimi nina shahada ya kemia ya viwandani. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu jambo hilohilo alilokuwa akilifanya yeye uani kwake: jinsi unga unaochanganywa ndani ya mpira unavyobadilisha nguvu ya mpira, ukubwa wa punje zake, wingi wake, na namna punje zinavyoshikana na mpira au kukataa kushikana nao. Nilirudi Simiyu na majedwali. Yeye alikuwa na magego. Watu waliamini magego, na tangu siku ile nilimwonea wivu ambao sikujua niuweke wapi, kwa sababu huwezi kumwonea wivu mtu aliyekufundisha kusoma jedwali.

Alikuwa amenifundisha kemia sekondari. Alipostaafu, watu wengine wa rika lake walinunua ng'ombe. Yeye alinunua kinu. Kilikuwa mashine kuukuu ya kiwanda cha kandambili kilichokufa huko Mwanza, roli mbili nzito za chuma zinazozunguka kuelekeana, moja haraka kuliko nyingine. Mpira mbichi ulioletwa kwa lori kutoka Muheza ulipitishwa katikati yake hadi ukalainika kama chapati, ndipo ukarushiwa unga: masizi meusi, au chaki, au majivu ya pumba za mpunga, pamoja na salfa kidogo. Ukishakolea, unakatwa, unawekwa kwenye kalibu, unapikwa chini ya presi. Mkono ukichelewa kutoka kwenye roli unaliwa. Yeye alikifanyia kazi amevaa gauni la kitenge lenye mikono mirefu iliyofungwa kwa raba, na ukimwambia ni hatari anakujibu, "Hatari ni kwa anayefikiria jambo lingine."

Masizi hayakutoka kwenye kucha zake. Alipokea komunyo nazo, akapokea wageni nazo, akamenya viazi vya kukausha michembe nazo. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa, nje ya mstari kabisa, na kwaya nzima ilijifunza kumfuata yeye kuliko kumsahihisha. Hilo nalo lilinikera. Ningeimba mimi vibaya hivyo, ningeombwa niimbie moyoni.

Darasani alikuwa mwalimu wa ajabu, nasema hivyo nikiwa nimepima. Somo la kwanza alilotufundisha kuhusu mpira halikuwa na chaki. Alimgawia kila mmoja utepe wa raba, akatuambia tuuguse kwenye mdomo, halafu tuuvute ghafla na kuugusa tena. Ulikuwa umepata joto. Tuliuachia, ukapoa. Darasa zima la wavulana na wasichana wa Kisukuma, limesimama linabusu raba, mkuu wa shule anapita dirishani. Hakuna aliyesahau. Siku nyingine alitupeleka jikoni mwa shule, akamwomba mpishi atenge ugali laini kwenye sahani moja na ugali mgumu kwenye nyingine. Akaukunja wa kila sahani mbele yetu. Laini ulijikunja, mgumu ukapasuka.

"Unga unatia nguvu," alisema, "lakini una mpaka wake. Ukiuzidisha, kinachobaki ni unga tu, hakuna cha kuushika. Mpira ni hivyohivyo."

Kisha akachora ubaoni kamba ndefu zilizovurugana, akatia vitone katikati. Kamba ni mpira, vitone ni punje za unga. Punje ikiwa ndogo na ikishikana vizuri, kamba nyingi zinajishikiza hapo, na mzigo unagawanyika. Punje ikiwa kubwa, kamba zinateleza pembeni yake, pengo linafunguka, na ufa unaanzia hapo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua siku hiyo nitasomea nini.

Alikuwa na misemo yake. Uliokuwa mkubwa kuliko yote ni huu: "Jibu lisilo na swali ni ng'ombe asiye na alama, kila mtu atasema ni wake." Aliukariri wakati wa kurudisha mitihani, akituuliza nani amethubutu kuandika swali nyuma ya karatasi. Mimi niliandika kila mara. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nyumbani nilikwisha kuchapwa kwa kumuuliza babu kama mizimu hula kweli ile nyama au ni mbwa. Kwa Mwalimu nilidhani nimefika nyumbani.

Sasa ndiyo niseme kile ambacho miaka kadhaa sikukielewa. Mwalimu alipenda maswali ya darasani. Maswali ya uani kwake hakuyapenda hata kidogo.

Nilipomaliza chuo na kukosa kazi ya maana, nilijitolea kufundisha shule ya kata, na jioni na Jumamosi nilikwenda kwake kusaidia. Tulikuwa wawili tunaosaidia. Mwingine alikuwa Kulwa, aliyesoma nami darasa moja, akaenda chuo kusomea uhasibu, akarudi kama nilivyorudi mimi. Mimi nilimwita Mwalimu. Kulwa alimwita mayu, kama mtu anavyomwita mama yake, na aliingia uani kwake bila kupiga hodi, akimsalimia Kisukuma huku akifunua sufuria.

"Mwangaluka, mayu! Leo umetupikia nini?"

"Nimekupikia kazi. Mwangaluka."

"Kazi ina mboga?"

Na yeye, ambaye kwangu alikuwa chuma, alicheka hadi akashika kiuno.

Ilijulikana kwamba Mwalimu hataweza kukiendesha kinu milele. Vidole vilikuwa vimeanza kuvimba viungo. Hakuwa na mtoto wa kukirithi. Bintiye wa pekee alikuwa mtumishi wa serikali Lagangabilili na hakutaka hata kukisikia. Mmoja wetu angekichukua. Nilikitaka kile kinu. Nilikitaka kwa sababu nilijua cha kukifanyia, na nilikitaka zaidi kwa sababu kukipata kungekuwa sawa na yeye kusema kwa mdomo wake kwamba aliyefaa ni mimi.

Tatizo letu lilianzia kwenye majivu. Masizi yananunuliwa mbali na ni ghali. Majivu ya pumba yako kila mahali panapokobolewa mpunga. Huku kwetu watu huchoma matofali kwa pumba, na tanuru likishapoa, katikati yake unakuta majivu meupe kama unga wa sembe. Mwalimu aliyapenda hayo. Alituma mkokoteni wa ng'ombe ukayazoe kila tanuru lilipofunguliwa. "Tazama weupe huo," alisema. "Yameungua hadi dhambi zikaisha."

Mimi nilimwambia weupe huo ndio tatizo. Tanuru lina moto mkali unaokaa siku nyingi. Majivu yanaungana, yanakuwa magumu kama kioo, na ukiyasaga unapata vipande vikubwa vyenye kona. Pumba zikichomwa polepole, kwenye lundo la wazi, majivu hutoka na rangi ya kijivu, si ya kupendeza, lakini ni mororo, na ukiyachuja kwa kitambaa unapata punje ndogo kweli. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, na jedwali mkononi.

"Nani kakufundisha kemia?" aliniuliza.

"Wewe, Mwalimu."

"Basi nilikufundisha vizuri. Sasa nishikie ndoo."

Ningenyamaza, lakini kulikuwa na watu nyuma ya jambo hilo. Mzee mmoja wa Sapiwi alikuja na shati limeganda mgongoni, linanuka dawa ya pamba. Washa ya Mwalimu ilikuwa imepasuka ukingoni akiwa katikati ya shamba, na bomba amelibeba mgongoni.

"Mwalimu, mimi si mdudu," alisema. "Mbona umenipulizia?"

"Uliikaza mno."

"Nimeikaza kama ninavyokaza siku zote."

"Ndiyo maana. Siku zote unaikaza mno." Akampa nyingine, bure, akaing'ata kwanza. Mzee akaondoka ameridhika. Nilibaki nimeshika ile iliyopasuka. Kwenye ufa, ukiigeuza kwenye mwanga, zilionekana punje nyeupe kwa jicho tupu.

Nilimwonyesha. Alizitazama muda mrefu, akasema, "Fanya zako, tuone."

Hilo lilikuwa jambo moja zuri kwake: ukimshika vizuri, alikupa uwanja. Na sisi Wasukuma tukipewa uwanja tunataka watazamaji. Jumamosi hiyo uani palijaa kama panapochezwa ngoma. Mafundi pikipiki walikuja, wakulima walikuja, mpaka akina mama wauza michembe walihamisha biashara yao hapo. Kulikuwa na nguzo za kuning'inizia mizani ya pamba. Tulining'iniza hapo vipande viwili vya mpira, upana mmoja, unene mmoja, kiasi kilekile cha majivu. Kimoja cha majivu yake ya tanuru, kimoja cha majivu yangu. Chini ya kila kimoja ndoo, na ndani ya ndoo mchanga, koleo kwa koleo.

Chake kilikatika kwanza. Changu kiliendelea kupokea mchanga hadi ndoo ikajaa. Watu walipiga vigelegele na nilihisi miguu yangu haijagusa chini. Nilimtazama yeye. Nilisubiri aseme neno.

"Wa kwake umevutika kuliko wa kwangu," Mwalimu alitangaza, kwa sauti ileile ya kanisani. "Sasa niambieni. Bomba la dawa, nani analivuta?"

Akaokota washa, akaiinua juu.

"Washa inavutwa au inabanwa?"

"Inabanwa!" mafundi wakajibu kama darasa la tatu.

"Basi binti yetu ametuonyesha jambo zuri kuhusu manati."

Walicheka hadi mchanga ukamwagika. Kulwa alijaribu kujizuia, akashindwa. Niliwachukia wote wawili kwa usawa, na ubaya wake ni kwamba Mwalimu alikuwa na hoja. Tuliziweka washa zake na zangu kati ya vipande vya chuma, tukakaza bolti, tukaziacha ndani ya ndoo ya maji yenye dawa. Tulipozifungua, zake zilikuwa na nyufa ukingoni, kama za yule mzee. Zangu hazikuwa na ufa hata mmoja, ila zilikuwa zimelala bapa na hazikurudi. Washa isiyorudi inavuja kama iliyopasuka. Majivu laini hunyonya salfa na dawa nyingine za kupikia mpira, nami sikuwa nimeongeza muda wa kuupika. Nilijua kosa langu papo hapo. Nilikuwa nafungua mdomo kulieleza, Kulwa akatangulia.

"Mayu, si mchanganye? Nusu ya huyu nusu masizi. Kama mtu anavyochanganya dona na sembe."

Hakujua anachosema, nasisitiza. Alikuwa mhasibu mwenye njaa. Lakini tulijaribu: majivu yangu nusu, masizi nusu. Washa zilitoka nzuri, zikabanwa, zikaachiwa, zikarudi. Kuna sababu. Masizi hushikana na mpira yenyewe, na hayanyonyi salfa. Niliieleza sababu hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nilipomaliza Mwalimu alikuwa ameing'ata washa, ameitazama juani, na mkono wake uko begani kwa Kulwa.

"Mmeona? Huyu ana akili."

Kwangu hakuwahi kulisema neno hilo, darasani wala uani. Kwangu alisema "umejitahidi", "endelea", na mara moja, nilipofaulu kidato cha sita, "sikushangaa".

Kinu alimpa Kulwa. Alilitangaza Jumapili moja baada ya misa, tukiwa mezani kwake, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imenyesha. Palikuwa na ugali, mlenda na kuku aliyechinjwa kwa ajili hiyo. Kulwa alipiga magoti, akamshukuru, "Wabeja sana, mayu," na hata mimi niliona kwamba alilia kweli. Halafu akanigeukia.

"Dada, hatuachani. Utakuwa mtaalamu wangu."

Wangu. Nilinawa mikono. Nikasema nitafikiri. Sikufikiri. Niliacha kwenda.

Nilisikia habari za kinu kwa wengine. Washa zinauzwa hadi Maswa na Meatu, majivu ya tanuru yameachwa kabisa, siku hizi pumba zinachomwa polepole kwenye lundo la wazi, na wateja wanasema ni ujuzi wa Kulwa. Nilikumbuka ule msemo wa ng'ombe asiye na alama, nikaona mwenye msemo ndiye aliyeniacha bila chuma cha kutia alama.

Kwa Mwalimu nilikwenda mwaka jana, alipokuwa amehamia kwa bintiye Lagangabilili. Nilikuwa nimeitwa kwenye semina ya walimu karibu na hapo, na nilijiambia napita tu. Nilimkuta amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Vidole vilikuwa vimepinda.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila." Aliitikia salamu, akanitazama juu hadi chini. "Umekonda. Au bado unabishana na chakula?"

Tulizungumza habari za shule, za mvua, za bei ya pamba. Bintiye alitusalimia, akaingia ndani kutengeneza uji. Sikuweza kungoja uji.

"Kwa nini Kulwa?"

Hakujifanya hajui ninachouliza. "Kulwa anapendwa. Mpira haujiuzi. Wewe mteja akikuuliza bei, unamweleza sababu."

"Na mimi ulinipa nini?"

"Wewe?" Alishangaa kweli. "Wewe ulikuwa na chuo kikuu."

Alilisema neno "chuo kikuu" kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mtu anayetaja nyama wakati nyumba nzima inakula mlenda. Aligeuka kuhakikisha bintiye yuko jikoni, akajivuta mbele kwenye kiti, na sauti ikashuka.

"Zile punje. Zinafananaje?"

"Punje gani?"

"Usinichezee. Za masizi. Kule Dar si uliziona, kwenye ile mashine inayokuza?"

Niliziona. Nilipewa picha zake kwa ajili ya mradi, na niliporudi nyumbani nilikuja nazo uani kwake ndani ya bahasha, nikangoja aulize. Katika miaka yote ile hakuuliza, na mimi nikadhani hajali. Sasa alikuwa ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mimi, yeye akiwa ubaoni, na kitu cha kwanza kilichonijia, sitasema uongo, ni kumwambia akamuulize Kulwa. Kilifika hadi kwenye ulimi.

"Si vitone," nikasema.

"Si vitone?"

"Hakuna punje inayokaa peke yake. Zimeungana. Chukua suke la mtama, livunjevunje vipande, kila kipande kina punje zake zimeshikana na vijiti, na kina matawi. Ndivyo yalivyo masizi. Mpira unaingia katikati ya matawi, unanaswa humo, hautoki."

Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inasogea. "Unanaswa," alisema. "Kwa hiyo haushiki nje tu."

"Nje na ndani."

"Na majivu ya tanuru?"

"Vigae, Mwalimu. Kama chupa iliyovunjwa."

"Vigae." Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Na mimi nimewachorea watoto vitone hadi nimestaafu. Suke la mtama! Ningelileta darasani. Ningelivunja pale mbele yao."

Aliniuliza tena, na tena. Yana ukubwa gani? Yana kivuli? Yanang'aa? Nilimjibu kila swali. Nilichora kwa kijiti kwenye vumbi la kibarazani, na yeye akainama, akanisahihisha mstari, nikamkatalia, akakubali. Bintiye alipotokea na uji, Mwalimu aliufuta mchoro kwa ndala, akakaa wima, akaanza kulalamika kuhusu bei ya pamba.

Nilipoaga, alinishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vilivyopinda.

"Kulwa usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba niliuliza."

Wiki hiyohiyo nilikutana na Kulwa stendi ya Bariadi, anapakia maboksi ya washa kwenye basi. Amenenepa, ana mafundi wake, kila mtu pale anamwita bosi. Alinikumbatia mbele ya watu.

"Nasikia ulikwenda kwa mayu. Binti yake anasema mlikaa mkinong'ona kama wachumba. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo ya darasani."

"Mambo gani ya darasani?"

"Ya darasani tu."

Aliliweka chini boksi alilokuwa amelishika. "Mimi nakwenda kila Jumapili," alisema. "Ananiuliza nimeuza ngapi, basi." Alicheka kama kawaida yake, ila kicheko kilifika nusu ya uso kikaishia hapo, akabaki ananitazama, anangoja nimwambie.

Nilimtakia safari njema ya mzigo, nikapanda bodaboda.